Tangazo Nililolikata

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya kurekodi kanda lilikuwa kukata matangazo.

Sikufundishwa na mtu. Redio kaseti ya kwanza niliifungua na kuifunga mwenyewe mpaka nikaielewa, kisha nikapanga kibanda mtaa wa Kirumba, nikawa natoa nakala za kanda. Redio za watu binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza, na wateja walitaka kuhifadhi vipindi. Mimi nilikuwa mtu wa wasiwasi. Sauti ya muuza sabuni ikiingia katikati ya mazungumzo, nilikosa raha siku nzima. Kwa hiyo tangazo likianza tu nasimamisha kanda, likiisha naiachia. Hakuna aliyesikia mahali nilipounganisha, na hilo lilinipa kiburi.

Mama mdogo, aliyenilea, alikuwa akiuza dagaa soko la Mwaloni. Alipata uvimbe kwenye titi. Zahanati walimwandikia barua aende hospitali kubwa, akaiweka chini ya godoro, maana aliogopa kisu. Jumamosi asubuhi redioni alikuwepo daktari mwenye sauti ya upole aliyezungumzia saratani. Alisema ipo dawa ya maji kutoka nje, inayeyusha uvimbe bila upasuaji. Nilimrekodia mama vipindi vinne, kanda safi kabisa.

Alisikiliza huku akichambua dagaa.

“Wewe, hata sabuni umeitoa?”

“Yote nimetoa, mama.”

“Ndiyo maana anasikika kama padri!”

Tulicheka. Akanituma dukani kununua dawa. Aliinywa tangu mwanzo wa kiangazi mpaka mvua zikaja, na barua ikabaki chini ya godoro.

Tulipofika hospitali, titi lilikuwa limeshakuwa kidonda. Daktari, mwanamke wa makamo, alimuuliza alikuwa wapi muda wote huo.

“Nilikuwa na dawa ya daktari wa redioni.”

“Yule? Yule analipwa na wanaoiuza, mama. Si wanatangaza hivyo wenyewe kila kipindi?”

Mama mdogo akanigeukia. “Kwani walisema?”

Walisema. Kila Jumamosi, kabla ya salamu, mtangazaji alisoma kwamba kipindi kinalipiwa na kampuni inayoingiza dawa hiyo nchini, na kwamba daktari wa kipindi ni mshauri wake. Nililisikia tangazo hilo mara nne. Sikulifikiria hata mara moja. Nililiona uchafu kwenye kanda.

“Walisema, mama. Nilikata.”

Akafunga upya khanga yake kifuani, polepole, kwa sababu ya kidonda. Kisha akasema, “Ungeniachia nisikie, mwanangu. Mimi ni mtu wa sokoni. Mtu anayesifia dagaa wake mwenyewe namjua.”

Hakulirudia tena neno hilo mpaka tulipomzika. Nilitamani anigombeze. Sijui kama kisu kingemponya. Daktari wa hospitali hakutaka kuniambia, nami nilimuuliza zaidi ya mara moja. Ninachojua ni kwamba uamuzi ulikuwa wake, na nilimpunguzia kitu cha kuamulia.

Kanda zile nne bado ninazo. Bado ni safi, na siwezi kuzisikiliza.

Siku hizi sikati kitu. Naiacha kanda izunguke tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho, na sabuni zake, na kwenye karatasi ya kasha naandika kwanza nani amelipia.