Niliwalisha wanakondoo vumbi la dagaa, wajukuu wakaikataa nyama

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Hii siyo chai. Yamenikuta mwenyewe hapa Ziba, na kama kuna aibu basi ni yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Mke wangu alifariki, huu mwaka wa nne. Watoto wako Dar. Nyumbani niko mimi, redio na kondoo.

Naongea na kondoo, msinicheke. Ukikaa siku tatu bila mtu kukuita jina, utaongea hata na sufuria.

Sasa binti yangu Neema akapiga simu: Krismasi anakuja na mumewe na watoto wawili. Wajukuu hao nawajua kwa video call tu. Nikajisemea, hawa wakila wakafurahi, mwakani watarudi wenyewe.

Nikatenga wanakondoo watatu niwanenepeshe.

Kiangazi cha huku majani yanaisha kabisa, bila chakula cha nyongeza mwanakondoo anabaki mifupa. Nikawapa mashudu ya pamba, pumba za mahindi na chumvi ya kulamba. Mpaka hapo niko sawa.

Kosa ni kwamba nilifuga kuku miaka mingi, na kuku anakua kwa dagaa. Nikaona protini ni protini tu. Nikanunua vumbi la dagaa, nikachanganya kwenye pumba. Mwanzo waligoma, baadaye wakazoea.

Basi bana, walinenepa! Mikia ikajaa mafuta, wanatembea kwa madaha.

Jirani yangu Mzee Shija alichungulia zizini akasema, "Mwalimu, kondoo na dagaa wapi na wapi?"

Nikamjibu kwamba elimu haina mwisho. Kiburi kile, wakuu.

Nikawalisha hivyo hadi asubuhi ya kuchinja.

Wageni wakafika, nyumba ikapata kelele. Daah, nilifurahi mno. Nikachinja mmoja, nikapika mwenyewe. Sufuria ilipochemka nikasikia harufu, nikadhani kwa jirani wanakaanga dagaa.

Ilikuwa sufuria yangu.

Marehemu mke wangu alikuwa na utaratibu wake, mgeni wa heshima anawekewa mafuta ya mkia. Nikamwekea mkwe. Kumbe harufu yenyewe inakaa zaidi kwenye mafuta! Akatafuna kipande kimoja, akakisukuma na maji.

"Asante baba, nimeshiba."

Mjukuu mdogo hakuzunguka. "Babu, mbona nyama yako ni samaki?"

Neema akacheka, na mimi nikacheka. Moyoni niliumia. Wakala wali kwa mchicha.

Walikuwa wakae wiki nzima. Siku ya tatu wakaaga, mkwe kaitwa kazini. Neema alinishika mkono akasema, "Siyo sababu ya nyama, baba." Labda ni kweli. Nilibaki mlangoni hadi vumbi la gari likatulia.

Nikamfuata mtaalamu wa mifugo wa kata. Hakunicheka. Akasema mafuta ya samaki yanahamia kwenye mafuta ya mnyama, kwa hiyo dagaa inaachwa wiki kadhaa kabla ya kuchinja. Yeye angeniambia niiache kabisa, mashudu na majani mazuri yanatosha.

Nikaacha. Wiki sita wakala mashudu, pumba na majani mabichi, maana mvua zilikuwa zimekolea.

Nikachinja wa pili kujaribu. Wakuu, nyama laini, tamu, haina harufu hata chembe. Nilifurahi kama nimefaulu mtihani. Nikapakua, nikaweka mezani.

Kuangalia, nimeweka sahani tano.

Nikakaa nikala kwenye moja. Zile nne sikuziondoa mpaka nilipomaliza.

Funzo: anachokula mnyama mwishoni ndicho utakachokila wewe, kunenepa peke yake siyo ubora. Na jirani akikuuliza swali, usimjibu kwa methali.

Amebaki mmoja. Nimempigia Neema nikamwambia nyama imepona, akasema, "Tutaangalia, baba."

Wenye uzoefu semeni, wiki sita zinatosha au mimi nilibahatisha? Matusi kidogo nayapokea pia.

Na wewe unayepita njia ya Puge kuja huku, ulizia mwalimu mwenye kondoo. Njoo na njaa. Huyu wa mwisho simchinji mpaka nipate wa kula naye.