Kiganja cha Maalimu

Harufu ya makopa ya muhogo yakianikwa juani bado hunitia hasira. Siku ile chuoni nilikuwa namalizia juzuu, ili kesho yake nianze msahafu. Makopa yalinuka uani, nami nikaanza kuwaza gari la Bwana Shauri, yule ofisa wa Kizungu wa wilaya, lililopita jana yake. Mdomo uliendelea wenyewe. Maalimu akaufunika ukurasa kwa kiganja. Sikuona, nikasoma tu.

"Unasoma mkono wangu, we kasuku?"

Wenzangu wakaangua kicheko.

"Nisamehe, maalimu."

"Rudi kwenye alifu, ukakae na vitoto!"

Mama alikuwa ameshapika ubwabwa wa kunipongeza. Jioni maalimu akaja nyumbani, akaula, akaramba vidole, akasema sina akili.

"Kweli, maalimu," mama akaitikia, akamwongezea.