Mlango wa Mama

Juzi nilipita kando ya ziwa hapa Buffalo, nikaona mashua zimepandishwa nchi kavu na kufunikwa nailoni nyeupe kusubiri theluji. Harufu ya nailoni iliyopashwa moto ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni.

Mama alikuwa mgeni katika kazi ile ya kufunika mashua kwa nailoni inayopashwa moto ili ikaze, na siku hiyo alinichukua kwa sababu hakukuwa na shule. Bosi alimpa mlango mdogo wa zipu aubandike kwenye kifuniko cha mashua kubwa kuliko zote, ili mwenye mashua aweze kuingia wakati wa baridi. Nailoni ilikuwa imekazwa kama ngozi ya ngoma. Kisu cha kukatia nafasi ya mlango kikiteleza, yote ingepasuka.

Mimi sikuona mashua, niliona nyumba. Kambini nilikozaliwa, nyumba yetu ilikuwa ya turubai jeupe vilevile, na Mama ndiye aliyeikatia mlango. Nikaamini kuna wakimbizi wenzetu wanaojengewa.

Mama alibandika mlango, akausugua kwa kiganja, akafungua zipu, kisha akakata nailoni iliyo nyuma yake taratibu toka juu hadi chini. Hakuna kilichopasuka. Bosi akacheka kwa furaha, Mama akaingia kukagua.

Nikasogea, nikasimama pembeni mwa mlango kama nilivyofundishwa, nikaita, "Hodi!"

"Karibu, mtoto yangu!" Mama akajibu toka ndani kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa. "Ingia, donc!"

Tangu tufike Marekani, nilikuwa sijasikia hodi ikijibiwa mahali popote nje ya nyumba yetu. Leo najua ile ilikuwa mashua ya tajiri fulani. Lakini mlango ulikuwa wa Mama, na mgeni wake wa kwanza nilikuwa mimi.