Kilo Moja Zaidi kwenye Ndege ya Butembo

Niliondoka Goma kwa sababu ya mbuzi. Majirani zangu wa mtaa wa Katoyi wamenichosha kwa maswali tangu nirudi, basi nawaeleza wote kwa mara moja, toka kuondoka hadi kurudi, ili wasikie habari kwangu kabla hawajaisikia kwa mdogo wangu Paluku, ambaye anaisimulia vibaya.

Paluku anakaa Butembo, ana kinu cha kusaga mahindi. Binti yake Kavira alichumbiwa na Inosenti, muuguzi, mtoto wa watu wa vilima vya Masisi. Katika ukoo wetu, mbuzi wa mahari hawapokelewi mpaka shangazi wa binti ashike kamba kwa mkono wake. Shangazi ni mimi. Sherehe ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara mbili kwa ajili ya vita. Mara ya kwanza barabara ya Rutshuru ilifungwa. Mara ya pili wazazi wa kijana walikimbia kutoka kwao Masisi na sufuria moja tu. Safari hii Paluku akanipigia simu: “Yaya, dada yangu, samedi hii ikishindikana tena, minajua Mungu hataki. Nitaambia Kavira aachane na ile mambo.” Nyuma yake nilimsikia Kavira akilia. Nikasema Jumamosi nitakuwa pale hata kwa kutambaa.

Ijumaa, kabla ya saa moja asubuhi, nilijifungasha. Nasema nilijifungasha mimi, si mizigo. Kwenye ndege ndogo unaruhusiwa kilo kumi za begi, na kila mama wa Goma anajua dawa yake: begi linapimwa, mwili haupimwi. Kwa hiyo unavaa. Nilivaa vikwembe sita vya Kavira, vitenge vya zawadi yake, kimoja juu ya kingine. Tumboni nilijifunga mifuko miwili ya sambaza zilizokaushwa, maana watu wa Butembo ukiwatembelea bila samaki wetu wadogo wa Kivu wanakuuliza kama uliugua. Ilibaki kilo moja. Nikaizungusha ndani ya kitambaa cha kichwa nikafunga kilemba kirefu. Binti yangu Kahindo akanitazama akasema, “Mama, unafanana na godoro.” Sikumjibu, kwa sababu sikuweza kugeuza shingo.

Saa mbili, uwanja wa ndege. Kaunta ilishikwa na mademuazeli mmoja, Solanje, mwenye kucha nyekundu na sauti ya mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa abiria kumi na saba, kila mmoja na tiketi yake yenye muhuri. Ndege ilikuwa na viti kumi na viwili. Tangu barabara ifungwe, kampuni ile iliuza tiketi kama mikate ya moto, ikiomba Mungu kwamba wengine watachelewa. Siku hiyo hakuchelewa mtu.

“Sikieni, bapapa na bamama,” Solanje akasema. “Ndege imejaa mu ndani. Leo tunapima na batu.”

“Batu namna gani?” nikauliza.

“Batu, Mama. Na nguo yao, na viatu yao.”

Wee! Nilihisi sambaza zikisogea tumboni kana kwamba zimerudiwa na uhai.

Saa nne bado tulikuwa kwenye foleni ya mizani, ile ile ya kupimia viazi. Watu wembamba walipita wakitabasamu. Wanne wanene walikata tamaa wakaenda kutafuta kampuni nyingine. Mwishoni tulibaki wawili na kiti kimoja: mimi, na muzee mmoja mdogo wa mwili, mwenye kofia ya sufu, makoti matatu na jibini nne za Masisi zilizofungwa kwenye kanga ya zamani.

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilimwambia, “Papa, unaenda kuuza jibini. Jibini inaweza kungoja. Mimi siwezi.”

“Mama,” akasema taratibu, “nilifika hapa saa kumi na moja. Wewe ulinikuta.”

“Ulinikuta, ulinikuta! Unajua mimi ni nani? Mimi ni shangazi! Kesho Butembo, kwa Paluku, hakuna mbuzi hata mmoja atakayepokelewa bila mimi!”

Yule muzee akavua kofia. “Paluku mwenye kinu ya mahindi?”

“Ndiye. Ni mdogo wangu.”

“Basi,” akasema, “mbuzi ni zangu.”

Alikuwa Muzee Bahati, baba wa Inosenti. Kwa desturi mimi na yeye hatukupaswa hata kusalimiana kabla wasemaji wa familia hawajatutambulisha, na hapo nilikuwa nimekwisha kumwita muuza jibini mbele ya uwanja mzima.

Solanje alifurahi. “Bon, muko familia moja. Mumoja aende leo, mwingine aende mardi.”

“Jumanne? Aka!” tukasema wote wawili. Tukamweleza, mmoja akimkatiza mwenzake. Nikienda peke yangu, hakuna wa kutoa mbuzi. Akienda peke yake, hakuna wa kuwapokea. Abiria waliokwisha pita walirudi kusikiliza, na mama mmoja wa Beni akaanza kumgombeza Solanje kwamba anaua ndoa ya watu.

Saa tano rubani akatokea, mwanamume wa miwani myeusi, akitafuna andazi. Alisikiliza kesi yetu, akapangusa vidole kwenye suruali. “Kando yangu kuko kiti moja,” akasema. “Lakini kilo zimebaki mia moja makumi tatu na tano. Kwa batu wote wawili.”

Tukapanda mizani pamoja, tukishikana mikono tusianguke. Mshale ukaenda mia moja sitini na tano.

Hapo ndipo nilipovuliwa mbele ya macho ya Kivu ya Kaskazini nzima. Kikwembe cha kwanza, watu wakatulia. Cha tatu, wakaanza kuhesabu. Cha tano, wakapiga makofi. Nilibakiza cha sita, maana mimi ni mjane mwenye heshima. Nilipofungua mifuko ya tumboni, rubani alirudi nyuma hatua mbili. Muzee Bahati naye akaweka jibini chini, akavua koti la kwanza, kisha la pili, akiyakunja polepole kama mtu anayeaga. Nikamuuliza kwa nini amevaa yote, naye vilevile ni mwizi wa mizani?

“Hapana, Mama. Tunalala ku Kanyaruchinya, mu hema. Koti ukiiacha, hauikute tena.”

Kanyaruchinya ni kambi ya waliokimbia vita. Niliona aibu mpaka masikioni.

Tukapanda tena. Mia moja thelathini na sita. Kilo moja imezidi. Muzee alibaki na koti moja, la buluu, jipya, lebo bado iko kwenye mkono. Aliligusa kifuani. “Hii si yangu,” akaniambia. “Ni ya Paluku. Ni koti ya baba ya binti. Inosenti alinitumia pesa niichague mwenyewe.” Kila mtu wa kwetu anajua kwamba koti la mahari la baba wa binti haliachwi nyuma.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Ile kilo moja ilikuwa juu ya kichwa changu. Niliijua. Ilikuwa inanikwaruza sikio. Lakini nilikuwa nimekwisha vuliwa vikwembe vitano na mifuko miwili mbele ya watu, na nikaona kwamba kilemba nacho kikifunguliwa, sambaza zikamwagika sakafuni, nitahama Goma. Nikakaza shingo, nikatazama dari. Muzee akavua koti la buluu.

“Mia moja makumi tatu na tano,” Solanje akaimba. “Mupande!”

Ndani ya ndege nilikaa kiti cha tatu. Rubani akageuka: “Mama, rudi nyuma.” Nikarudi nyuma. Mkia ukashuka. “Mama, kuja katikati.” Nikaja katikati, nikimkanyaga yule mama wa Beni. “Mama, hapana, kuja huku kwangu.” Nikamaliza safari zangu za miguu kwenye kiti cha mbele, na usukani wa pili ukinigusa magoti. “Usishike kitu,” rubani akasema. Mikono niliiweka kwapani mpaka Butembo.

Tulipopaa tukapita pembeni mwa mlima wa moto wa Nyiragongo. Muzee Bahati, aliyekuwa nyuma yangu, akanigonga bega akaonyesha chini, kwenye mahema meupe yaliyobanana. “Pale njo kwangu,” akasema. “Mama ya Inosenti iko pale. Hakupata tiketi.” Nilitazama mpaka yakapotea.

Baada ya nusu saa tuliona Ziwa Edward upande wangu, na kijiji cha Vitshumbi ukingoni. Hapo rubani akanusa. Akanusa tena. “Kuko harufu ya samaki.”

“Labda ni ya ziwa,” nikasema.

“Mama, tuko juu sana.”

“Basi ni injini yako.” Akaitazama saa ya mafuta kwa muda mrefu sana, masikini. Nyuma yangu Muzee Bahati alikohoa ndani ya kofia yake.

Saa saba tulitua Butembo. Kwa desturi tukaachana mlangoni mwa ndege bila kuagana, yeye akaenda kwa mwanawe, mimi kwa Paluku. Sambaza zangu zilipokelewa kwa vigelegele. Jumamosi asubuhi shemeji yangu alizipika na nyanya, na Paluku akala sahani mbili na fufu, akalamba vidole.

Jumamosi, saa nane mchana, wageni wakaingia uani na mbuzi wao, walionunuliwa na Inosenti hapo hapo Butembo. Muzee Bahati alikuwa na shati tu, na Butembo kuna baridi. Msemaji wetu akaniuliza, kama inavyotakiwa, “Shangazi, hawa batu unawajua?”

“Hatujawahi kuwaona,” nikajibu, kama inavyotakiwa. Muzee akatazama viatu vyake.

Mambo yakaenda vizuri mpaka ikafika zamu ya koti. Upande wao wakanong'onezana. Msemaji wao akasema limebaki Goma, litakuja. Paluku akasimama. Mdogo wangu ni mtu mwema, ila mbele ya watu anapenda kuwa mkubwa. “Limebaki? Mara mbili tumengoja. Mara ya tatu munakuja na maneno. Mutu asiyekumbuka koti ya baba, atakumbuka mutoto wangu?” Wazee wetu wakaitikia. Kavira alikuwa mlangoni, na uso wake sitausahau. Muzee Bahati angeweza kusema lolote kuhusu mimi. Hakusema.

Nikasimama. “Nilidanganya,” nikasema. “Huyu muzee ninamujua. Nimemuona akiwa na shati tu mbele ya uwanja wa ndege muzima. Koti yako nimeiona, Paluku, ya buluu, muzuri kuliko zote ulizo nazo. Aliivua kwa sababu ndege ilizidi kilo moja. Na ile kilo ilikuwa yangu. Niliificha mu kilemba.”

Uani watu wote wakageuka kunitazama.

“Kilo ya nini?” Paluku akauliza.

“Ya sambaza.”

“Ziko wapi?”

“Paluku, koti yako umeikula leo asubuhi. Na uliongeza sahani.”

Aliyecheka kwanza alikuwa Muzee Bahati. Kicheko kilimtoka kama mtu aliyekibana tangu Goma, na nina hakika alikibana tangu ile harufu. Kisha ua wote ukaangua kicheko. Paluku alibaki amesimama, mkono tumboni. Sikumngoja. Nikavuka ua, nikachukua kamba.

Jumanne tulirudi Goma, mimi na muzee, kwenye ndege iliyouza tiketi kumi na tisa. Tulipata viti kwa sababu mimi nilisimama mlangoni nikakataa kutoka. Mizigo yetu tuliikuta kwa Solanje, imepangwa vizuri. Jibini moja tu haikuonekana, na Solanje alikuwa na mashavu ya kupendeza. Vikwembe na koti la buluu tuliwavalisha abiria wembamba wa ndege iliyofuata ya kwenda Butembo, yule wa koti akiwa na amri ya kutolivua hata akipigwa.

Nje ya uwanja Muzee Bahati aliita pikipiki ya Kanyaruchinya. Nikamwambia dereva azime injini. “Mukwe wangu,” nikasema, “nenda umulete mama ya Inosenti, mukuje Katoyi. Siku mbili tu, mupumzike.”

Huu ni mwezi wa tano tangu waje. Muzee analalamika kwamba fufu yangu ni laini mno, na mkewe amehamisha sufuria zangu zote. Mnaniuliza nimejifunza nini safarini, basi ni hiki: nyumba yangu ina vyumba viwili na tunalala watu tisa, na mimi sipimi mtu wala sishushi mtu.