Keni za Kumwagilia Mikoko

Bajeti yangu ya kwanza ya mikoko niliinakili. Nasema wazi, sina haja ya kujificha tena. Nilikuwa nimehamishiwa Kibiti kutoka nyanda za juu, ambako kwa miaka sita kazi yangu ya ubwana misitu ilikuwa kupanda misonobari, na bajeti ya misonobari niliijua kama Baba Yetu. Nikafuta neno misonobari, nikaandika mikoko, nikaipeleka. Keni arobaini za kumwagilia zikabaki humo ndani.

Wanaoijua delta, kule mto unakomwagikia baharini, wameshaanza kucheka. Mkoko haumwagiliwi. Mbegu yake ndefu unaichomeka kwenye tope, na bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku bila kuombwa. Mimi nililijua hilo siku ya kwanza nilipofika kijijini Mbuchi, wakati fedha za serikali zilikuwa zimeshaingia, na kubadili matumizi yake ni safari ya barua tano. Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, ilikuwa inabisha hodi, na fedha isiyotumika hurudi Hazina. Nikanunua keni.

Kina mama wa kikundi cha upandaji waliziona zikishushwa kwenye boti, wakaanza kukonyezana. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja mfupi, ambaye ujana wake wote aliumalizia kukata boriti za mikoko na mumewe. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Bwana Misitu, hizi za kutilia udhu?"

Keni zikafungiwa stoo ya kijiji. Mikoko ikapandwa, nami nikajifanya nimesahau, hadi miezi mingi baadaye simu ilipoingia: mkaguzi anafika keshokutwa, na anataka kuona kila kilichonunuliwa kikitumika. Akiandika kwamba fedha zimetupwa, mradi unasimama, kina mama wanakosa posho ya awamu ya pili, na mimi kazi sina. Mke wangu alikuwa mjamzito.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilichokipanga nakionea aibu mpaka leo: kina mama wasimame mstari, kila mmoja na keni yake, wamwagilie mikoko huku mkaguzi akitazama. Wakakubali kwa kunihurumia.

Boti ya mkaguzi ilichelewa. Aliposhuka, maji yalikuwa yameshaanza kupanda, na kina mama walikuwa wamesimama ndani yake hadi magotini, keni mkononi, wakimwagilia bahari.

Mkaguzi, mzee wa miwani aliyekunja suruali vizuri, alizitazama keni moja moja. Kisha akamgeukia bibi.

"Mama, siku za kawaida nani huimwagilia?"

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Bibi aliniangalia mimi kwanza. "Nisamehe mwanangu, mie nimefunga," akaniambia. Halafu akamjibu mgeni: "Mwenyezi Mungu, mara mbili kwa siku. Wala hadai posho."

Nikajua nimekwisha. Basi nikamweleza mkaguzi yote, misonobari, kunakili, Juni, na hata mchezo huu wa keni kwamba ni wangu, kina mama hawana kosa. Nilisema harakaharaka. Mkaguzi alimwomba bibi amtembeze, akaingia kwenye tope, akakwama, akavutwa, akaendelea, akishika mche mmoja baada ya mwingine na kuutikisa. Karibu yote ilikuwa imeshika. Majani mapya yalichungulia juu ya maji, na vidagaa vilipita katikati ya mashina.

"Keni ni ujinga, na nitauandika," alisema aliporudi. "Lakini mikoko ipo, na ni mizima. Awamu ya pili iendelee. Ila bajeti yake utaiandika huyu mama akiwa pembeni yako. Asiporidhika yeye, usiilete."

Nilikaa chini palepale, maji kifuani, na suruali yangu ya ofisini, nikacheka huku nalia. Sijawahi kupumua vile maishani mwangu. Kina mama wakaniacha nicheke mpaka nitosheke, ndipo bibi akaninyooshea mkono.

"Inuka, baba," akasema. "Cha kwanza uandike boti. Hii wanayotukodishia inavuja, na siye wengine hatujui kuogelea."