Kushika Boti Mkia

Baba yangu alikuwa na fahali mwekundu ambaye hakuheshimu mpaka wa mtu. Tulikaa mlimani juu ya mji wa Runyenjes, katikati ya majani chai, na huyo fahali aliamini kwamba nyasi ya jirani ndiyo nyasi. Shule niliacha darasa la tatu kwa sababu yake. Wengine husema waliacha kwa kukosa karo. Mimi niliacha kwa fahali. Mwalimu akiita majina asubuhi, mimi niko barabarani nimening'inia kwenye kamba, visigino vimechimba udongo. Hapo nikajifunza kitu kimoja nikakijua kabisa: ukitaka ng'ombe aende kulia, vuta kulia. Akikataa, vuta zaidi.

Elimu hiyo ilinitosha. Nilipokua nikafungua bucha, na mwenye bucha ni mtu wa kuvuta. Kuna ng'ombe nilimnunua Githongo akakataa kupanda lori, tukakokotana naye mbele ya kanisa watu wakitoka harusini, na bi harusi akacheka mpaka akashika ukuta. Sasa huyo bi harusi ni nyanya mwenye wajukuu. Lakini nilikuwa nataka kusema habari ya boti.

Nilipochoka na bucha, mimi na mke wangu tukateremka Mbeere, kwao, tukajenga karibu na bwawa la kuzalisha stima. Huko ni joto, ndengu na mawe. Nikaona watu wa ofisi wakija kutoka Embu kila Jumapili, wanakula nyama choma kando ya maji, halafu wanakaa wakiyaangalia tu. Nikawaza, mtu anayeangalia maji namna hiyo anataka kupanda chombo. Wenzangu wa rika walikuwa wananunua ng'ombe wa maziwa. Mimi nikanunua boti, ya buluu, yenye injini nyuma, kutoka kwa mtu wa kule ziwani magharibi.

Boti ilikuja kwa lori, na juu ya boti amekaa mwanaume na begi lake. Ukinunua ng'ombe unapewa pamoja na kamba yake. Mimi nilipewa pamoja na kapteni.

"Nimetumwa nikufundishe kuendesha," akasema. "Ukijua kufika gatini bila kugonga, mimi narudi kwangu. Nina nyumba haijaezekwa."

Gati ndiyo ile sakafu ya mbao inayoingia majini, watu wakanyage wakipanda na kushuka. Majirani zetu waliiita daraja lisilovuka.

Mke wangu alisikia maneno hayo, naye akaweka yake. "Na mimi nitapanda siku hiyohiyo. Mpaka huyu mzee afike bila kugonga, mniache na udongo wangu."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya wiki moja.

Sasa, injini ya boti ina mkono, unaushika ukiwa umekaa nyuma. Nikitaka kwenda kulia, nilivuta kulia, kama nilivyosoma. Boti ikaenda kushoto. Nikavuta zaidi. Ikaenda kushoto zaidi, tukaingia kwenye matete na ndege wote wa bwawa wakaruka.

"Mzee wangu," kapteni akasema, akitoa tete kwenye kofia, "hii kitu ni kinyume. Sukuma kule usikotaka."

"Kwa nini nisukume nisikotaka?"

"Ndiyo uende unakotaka."

Nilielewa kwa masikio. Mikono haikuelewa. Katikati ya maji nilikuwa nakumbuka, lakini gati ikikaribia, roho inashtuka, na mkono unarudi kwa yule fahali. Tuligonga mpaka tukapigilia matairi ya zamani kwenye mbao. Siku za Jumapili, watu wakiwa wamelipa, aliendesha kapteni. Mimi niliwavisha jaketi za kuelea na kuwapigia hadithi. Kwaya nzima ilipanda ikaimba mpaka kiboko akainua kichwa kusikiliza. Alikuja mfanyabiashara wa miraa kutoka Kangeta, mtu mkubwa, anatafuna akitudharau, na upepo ulipotikisa boti kidogo akanishika mguu na hakuuachilia mpaka nchi kavu. Alipofika akauliza tutarudi tena saa ngapi.

Kulikuwa na siku mbaya pia. Jioni moja kapteni aliniachia kufunga boti. Nikaifunga kama baba alivyonifundisha, kamba fupi, isiende kwa jirani. Usiku wenye bwawa wakafungua maji, bwawa likashuka. Asubuhi tukaikuta inaning'inia gatini kwa pua, tumbo nje, injini imezama matopeni.

Mke wangu aliitazama. "Nilifikiri uliacha bucha," akasema.

Ilituchukua wiki kadhaa kuosha na kukausha hiyo injini. Kapteni hakunikemea. Mchana tulikaa kwenye kivuli cha boti, yeye akinifundisha kula kichwa cha samaki, kitu ambacho watu wa kwetu juu walikihesabu kuwa uchafu, na mimi nikimpa muguka, majani yetu ya kutafuna, ambayo aliyatema akisema anaona kama amekula uzio wa mtu. Tulicheka sana. Nikaanza kuona kwamba nikijua kufika, huyu ataenda. Nataka kusema ukweli: sikugonga makusudi hata siku moja. Lakini nikigonga, kulikuwa na upande wa moyo uliosema, basi, kesho tuko naye.

Upande ule mwingine ulimtaka mke wangu ndani ya boti. Kila jioni alikaa ukingoni na mwavuli wake akichambua ndengu, akitungoja tugonge. Watu wote wa Embu walikuwa wamepanda boti yangu isipokuwa mama wa nyumba yangu.

Jioni moja nilikuwa nakuja, kapteni ananiambia sukuma, mimi mkono umeanza kuvuta, na mke wangu akasimama.

"Wewe mzee," akaita, "ng'ombe umemshika wapi?"

"Ng'ombe gani?"

"Huyo. Hauko mbele yake. Uko nyuma. Umeshika mkia."

Nikaangalia mkono wangu. Kweli nilikuwa nyuma. Na mtu akivuta ng'ombe mkia kulia, matako yanakuja kulia, na kichwa kinaangalia kushoto. Hilo hata mtoto wa Mbeere analijua. Kapteni alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikausukuma ule mkia polepole, nikazima injini mapema, na boti ikaenda yenyewe ikalala kando ya mbao. Matairi hayakusema kitu.

"Bahati," mke wangu akasema. "Rudia."

Nikazunguka, nikarudia. Akaweka ndengu chini, akavua viatu, halafu akavivaa tena, akashuka gatini, akaingia botini akishika mkono wa kapteni.

Tulienda mpaka katikati, yeye amekaa mbele na mwavuli wazi. Akachovya mkono majini, akapaka uso. Baadaye akasema, bila kugeuka, "Kumbe nyumba yetu ni ndogo hivyo," na nikasikia kwamba anatabasamu. Tuliporudi, nilishika mkia, nikazima, tukafika. Alishuka na viatu vikavu.

Kapteni akafunga boti mwenyewe, kamba ndefu, fundo la kwao. Akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na begi.

"Si unywe chai kwanza," nikamwambia.

"Nikinywa chai nitalala, mzee wangu. Nikilala utagonga kesho."

Mke wangu akamfungia ndengu kwenye kitambaa. Akazipokea kwa mikono miwili, akapanda ile njia ya mawe kuelekea barabarani, begi begani na ndengu mkononi. Alipofika juu hakugeuka, akaingia upande wa pili wa kilima, na hajarudi tena.