Fundi Verediane na Mahali pa Ibyansi

Verediane hapimi ukuta kwanza. Akiitwa kwenye nyumba ya mtu kutengeneza kabati la kujengewa ukutani, huketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango na kusema, "Leteni vitu." Watu hushangaa, lakini huleta: sufuria, mashuka, pasi, viatu, masanduku, redio iliyokufa, mpaka sebule yote inafunikwa. Ndipo huchukua futi yake na kupima kila kimoja. Hupima hata shuka likiwa limekunjwa namna mama wa nyumba ile anavyolikunja, maana kila mama ana mkunjo wake. Ukuta huupima mwisho. Husema ukuta hauendi popote.

Nimekaa jirani na karakana yake hapa Mbugangari miaka kumi na tisa, na katika mji huu sijaona fundi mwingine afanyaye hivyo. Wengine siku hizi huonyeshwa picha kwenye simu, huenda dukani, hununua mbao za vumbi la miti lililogandishwa kwa gundi, hukata, hubandika, na jioni wamemaliza. Mwaka haujaisha bawaba zimeng'oka, kwa sababu vumbi halishiki skrubu. Na mwenye nyumba hukubali. Hudhani ndivyo kabati lilivyo tangu dunia iumbwe. Zamani hata maskini alikuwa na kiti cha kumwachia mjukuu wake. Leo tajiri ana kabati litakalovunjika kabla hajamaliza mkopo wa kulinunua.

Verediane alizaliwa Masisi, Kongo, upande wa pili wa mpaka, binti wa seremala aliyeitwa Vénuste. Vénuste alipata wasichana wanne, na Verediane peke yake ndiye aliyependa harufu ya maranda. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu familia ilirudi Rwanda. Walivuka kituo cha mpakani cha Grande Barrière na godoro moja, sufuria mbili na sanduku la vifaa vya baba. Baba huyo alimfundisha sheria moja kuliko zote: fundi hujulikana kwenye maungio. Kama karatasi inaweza kupita kati ya ubao na ubao, au kati ya ubao na ukuta, bomoa urudie.

Alirudia sana. Wanaume wa mtaa walipita wakimcheka, "Mwanamuke wa randa! Nani atakuoa, meza?" Aliolewa, akamzaa Mutoni, na tangu hapo mtaa unamwita Mama Mutoni. Kicheko kilikwisha mwaka 2021, volkano ilipolipuka na ardhi ikatikisika siku baada ya siku. Makabati ya dukani yaliangukia vitanda vya watu. Ya Verediane yalikuwa sehemu ya ukuta, na vitasa vyake vya mbao havikuachia hata sahani moja. Mimi mwenyewe nilihesabu nyumba kumi na moja. Sahani zote zilikuwa mahali pake.

Basi mwaka juzi aliitwa na Belise. Belise na mumewe Cyiza ni watu wa ofisi, na walikuwa wamejenga nyumba ya mawe meusi ya volkano, si mbali na ziwa. Cyiza alikuwa amemleta mama yake kutoka Cyanzarwe, mukecuru Mukankusi. Mukecuru ndivyo tunavyomwita mwanamke mzee kwa heshima. Huko shambani alikuwa akiishi peke yake, na alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya pili alilala sakafuni tangu asubuhi hadi majirani waliporudi kutoka kulima. Daktari alisema wazi: akianguka tena bila mtu karibu, atafia hapo. Mukankusi alikubali kuja mjini kwa sharti moja, kwamba ibyansi vyake saba vije naye na vipewe mahali.

Icyansi, wingi wake ibyansi, ni chombo cha maziwa, kimechongwa katika gogo moja, na juu yake kuna kifuniko kirefu cha kusukwa. Nyumba za wazazi wetu zilikuwa na uruhimbi, jukwaa lililoinuliwa kwa ajili ya vyombo vya maziwa tu. Havikuguswa na sakafu, havikuchanganywa na sufuria, na mgeni aliyeingia aliviona kabla hajaona kitu kingine. Mwanamke alijulikana kwa uruhimbi wake. Watoto wa leo wanalijua neno hilo kama swali la mtihani.

Siku ya kupima nilikuwepo. Belise alishika simu yenye picha.

"Fundi, mi nataka hivi. Ukuta muzima, toka chini mpaka juu. Milango yote sawasawa, bila mishikio. Mutu akiingia asione kitu."

"Asione kitu?" Verediane akasema. "Donc, basi, tunajenga ukuta ingine mbele ya ukuta."

"Si ndiyo hiyo, Mama Mutoni!" Belise alicheka.

"Na ibyansi yangu?" mukecuru aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Nazo zitapata mulango yao, Mama. Vumbi haitaingia."

"Vumbi haitaingia. Na mi nitaingilia wapi?"

"Utafungua tu, Mama. Utasukuma na kidole."

Mukankusi aliangalia kidole chake.

Kazi ilichukua wiki tano, na niseme bila kupunguza: sijaona ukuta kama ule. Mbao zilikuwa za libuyu, mti mgumu kutoka Kongo, zilizokaushwa mwaka mzima. Kulikuwa na droo za viatu zilizoinama kidogo ili kisigino kikae, mwanya mwembamba wa meza ya kupigia pasi, sehemu pana ya katikati kwa ajili ya mikoba ya Belise, na chini kabisa mahali pa masanduku. Kwa ajili ya ibyansi alitengeneza rafu kwenye usawa wa kiwiko cha mukecuru, mzee asiiname wala asijinyooshe, na ndani yake akachonga vikalio saba vya mviringo, kila kimoja kwa kitako cha icyansi chake. Nilijaribu karatasi kila mahali. Haikupita popote. Verediane alisimama nyuma yangu amekunja mikono, na nilimwona akimkumbuka baba yake.

Mvua za msimu zilianza. Miezi miwili baadaye Cyiza alifika karakana bila hata kusalimu vizuri.

"Mama Mutoni, mama anarudi Cyanzarwe. Amefunga mizigo."

"Amegombana na nani?"

"Hakuna. Anasema tu hewa ya hapa haimupendi. Nimemubembeleza siku tatu. We, atakusikia. Mulikuwa munasikilizana."

Verediane alivua aproni. Nami nilimfuata, mzee asiye na kazi haulizwi anakwenda wapi.

Tulimkuta Mukankusi ameketi, ibyansi vimefungwa katika kitenge, amevipakata kama mtoto. Verediane alipiga magoti mbele yake.

"Mukecuru, nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini? Enda kwa kazi yako, mwana yangu."

"Kazi yangu ndiyo hiyo umepakata."

Mzee alifungua fundo na kutoa icyansi kimoja, chenye mdomo uliong'aa kwa mikono ya miaka mingi. Alipoinua kifuniko, harufu kali ya uvundo ilitufikia wote. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijani.

"Hii nilipewa na mama siku niliolewa," alisema. "Imekaa kwangu miaka makumi sita na moja, haijanuka. Kwako imekaa miezi mbili."

Neno hilo lilimchoma Verediane. Niliona mabega yake yakishuka.

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Kabati ni muzuri. Kila mugeni anaisifu. Nitaharibu furaha ya mutoto juu ya bakuli za wazee? Mi nirudi kwangu, yaishe."

Verediane aliinuka, akafungua mlango wa ibyansi na kuweka kiganja kwenye ubao wa nyuma. Kilirudi kimelowa. Jiwe jeusi lilikuwa likitoka jasho la ziwa kila usiku, na yeye alikuwa amelifungia humo pamoja na vyombo vinavyotaka hewa kama kifua cha mtu. Fundi mwingine angeacha mwanya kwa uvivu wake, na ibyansi vingepona. Kilichoviua ni ule ubora ambao sote tuliusifu.

"Nilikosa," alisema. "Baba alinifundisha kuziba. Kuacha nafasi, hiyo sikuwaza."

Nimewajua mafundi wengi. Mmoja angelaumu mvua, mwingine mbao, mwingine mzee mwenyewe. Kizazi hiki hakina hata neno la kukiri kosa; kina maelezo tu. Verediane aliagiza bisibisi na msumeno viletwe, na Belise alipotoka ofisini alikuta mlango wa libuyu umelazwa sakafuni.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Fundi, unafanya nini?"

"Ninatoa mulango."

"Lakini wageni wataona!"

"Waone. Nyumba hii iko na kitu gani ingine ya kuonyesha kupita hizi saba? Televisheni? Kila mutu iko nayo."

Belise alimtazama mumewe. Cyiza alitazama dari.

"Mama anaenda kwa sababu ya mulango?" Belise aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Anaenda kwa sababu tulimuficha," Verediane akajibu.

Kwa siku tatu Mukankusi alisimamia kazi kutoka kwenye kiti chake kama mkandarasi. "Shusha kidogo. Si hapo! We, unapima na macho ya nani?" Verediane aling'oa ubao wa nyuma na kuweka fito nyembamba zilizoachana, akaziacha umbali wa vidole viwili kutoka kwenye jiwe. Juu na chini akatoboa njia ya upepo. Vile vikalio vizuri vya mviringo alivikata vyote bila kusita, akaweka reli mbili ili vitako vipate hewa. Uani mukecuru aliosha vyombo, akavianika kila jua lilipotoka, kisha akavifukiza kwa moshi wa majani. Majirani walikuja mbio wakidhani nyumba inaungua.

Lakini juu ya uruhimbi mpya aliweka kimoja tu, kile cha mama yake. Sita aliviacha ndani ya kitenge, na mzigo wake ulibaki mlangoni.

"Nitaona," alisema.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, Verediane alipita pale na kusimama mlangoni bila kuuliza. Mukankusi aliinua kifuniko, akanusa.

"Bado," alimwambia.

Siku ya tisa alimwita ndani. "Kuya. Nusa wewe."

Verediane alinusa. Kulikuwa na moshi, na nyuma ya moshi, maziwa. Hakuna zaidi.

"Bon," mukecuru akasema, kisha akamgeukia mwanawe. "Cyiza, Jumamosi unaenda Cyanzarwe."

Niliona uso wa Cyiza ukikunjamana.

"Unaenda kwa dada yangu Joanita, unaniletea igisabo yangu, ile kibuyu ya kusukia maziwa. Mwambie asiningojee tena. Na shamba alime yeye, mi sirudi."

Verediane aligeukia dirisha na kufuta uso kwa kiganja, fundi yule ambaye wanaume wa mtaa walitaka kumwoza meza.

"Igisabo ni kubwa, Mama," Belise alisema hatimaye, taratibu. "Itakaa wapi?"

Mukankusi alinyoosha kidevu kuelekea sehemu pana ya katikati.

Belise alivua viatu vyake vya ofisi, akapiga magoti mbele ya kabati na kuanza kutoa mikoba, mmoja baada ya mwingine, akiipanga sakafuni. Mukecuru alimwambia asijisumbue kuharakisha, Jumamosi ilikuwa bado mbali.